Daraja Lililolala Wazi

Palikuwa na nchi, na kwa bahati mbaya bado ipo. Jina lake silitaji, maana niliahidi kutolitaja, na niliyemwahidi hakuja peke yake. Itoshe kujua kwamba si kwetu. Kwetu mambo ya namna hii hayatokei, na yakitokea hukanushwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo msomaji na asome akiwa na amani.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mto uitwao Kitope, mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya ukingo mmoja, wa ukingo wa pili humtakia afya. Lakini wembamba huo ulidanganya. Chini ya maji palikuwa na matope yaliyokwisha kumeza fahali watatu, trekta moja la serikali, na mkuu wa wilaya aliyewahi kuwaambia wananchi kwamba matope hayo ni uvumi wa wachochezi. Ukingo mmoja uliitwa Huku na wa pili Ng'ambo. Huku kulikuwa na soko na shule. Ng'ambo kulikuwa na mashamba, makaburi, na mkunga wa pekee wa sehemu zile, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuzaliwa, kusoma, kula na kufa bila kuvuka.

Walivukia daraja la chuma lililojengwa zamani na watu waliokuja bila kualikwa wakaondoka bila kuaga. Lilikaa juu ya nguzo moja nene katikati ya mto, na juu ya nguzo hiyo lilizunguka kama jiwe la kusagia. Likifungwa, liligusa kingo zote mbili, watu na mbuzi wao wakapita. Likifunguliwa, lilielekea mto unakoelekea, halikugusa popote, na matishari ya chokaa yakapita kushoto na kulia kwake. Halikuwa na injini. Katikati yake palikuwa na tundu, na katika tundu hilo ulitumbukizwa mtaimbo wenye mikono miwili, na watu wawili wakaushika, kila mmoja mkono wake, wakazunguka wakisukuma mpaka daraja likageuka.

Wawili, si mmoja. Mmoja angesukuma mpaka meno yamtoke, na daraja lingenguruma tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema watu wa Kitope, na pale darajani msemo huo ulikuwa maelezo ya kiufundi.

Wazungushaji wenyewe walikuwa Shomvi Makaranga na Machano Dihenga. Shomvi, mtu wa Ng'ambo, alikuwa mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na mikono kama makafi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja kazini. Machano, mtu wa Huku, alikuwa mnene na mcheshi, na alikuwa amesukuma pamoja naye kwa miaka ishirini na miwili. Hawakuitana kwa majina. Kila mmoja alimwita mwenziwe "mwenzangu", na watu wakadhani ndilo jina.

Kazi yao ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilitokana na mzungushaji wa kale aliyeitwa Ndaro, ambaye alikuwa bado yuko ukingoni akifungua komeo wakati mwenziwe alipoanza kusukuma. Ndaro aliruka akachelewa, na Kitope kikamchukua. Tangu hapo aliyeko mtaimboni hasukumi kabla hajaita, "Upo?" Mwenziwe akiisha panda na kuushika mkono wake wa mtaimbo, hujibu, "Nipo!" Ndipo wanaposukuma. Bi Nunu, mkewe Shomvi, alisema mumewe huuliza hata usingizini, na kwamba yeye alikwisha zoea kumjibu ili mtu wa watu alale.

Sheria ya pili ilikuwa fupi zaidi: daraja halilali wazi. Jua lisizame likiwakuta wa Huku hawawezi kufika Ng'ambo. Bi Nunu ndiye aliyekuwa mkunga, na watoto hawachagui saa wala ukingo wa kuzaliwa. Shomvi alifundishwa sheria hiyo siku ya kwanza ya kazi, na aliiheshimu kuliko katiba ya nchi, ambayo yenyewe ilizungushwa mara kwa mara na mtu mmoja tu.

*

Kosa lilianzia kwenye girisi. Kwa miaka sita Shomvi na Machano walikuwa wakiandika barua wizarani kuomba kopo moja la girisi na mbao mbili. Mwaka wa saba barua ilijibiwa, na jibu lilikuja kwa magari manne.

Ulikuwa mwaka ambao Mtukufu Dira ya Taifa, kiongozi wa nchi ile, alikuwa akijiandaa kusherehekea miaka arobaini ya kuwakubalia wananchi waendelee kumchagua. Kila wizara ilitakiwa kumtafutia zawadi. Wizara ya Mambo ya Kale na Mambo Yanayoelekea Kuwa ya Kale haikuwa na kitu, mpaka karani mmoja alipokaa juu ya barua za Kitope na kuhisi ukubwa wake.

Aliyeshuka kwenye gari la kwanza alikuwa Dokta Mhandisi Pachoto, mtaalamu wa madaraja ambaye hakuwahi kuvuka hata moja, kwa kuwa siku zote alikuwa na shughuli upande aliokuwepo. Alisimama Huku akashika kiuno.

"Lifungueni tulione," aliamuru.

Shomvi na Machano walipanda kwa fahari ya bwana harusi. Walikuwa wamevaa mashati yao ya Idi. "Upo?" aliita Shomvi. "Nipo!" alijibu Machano kwa sauti iliyowatisha bata. Daraja likageuka polepole, likalia kidogo kwa kukosa girisi, likatulia katikati ya mto, halikugusa popote. Watu wa kingo zote wakapiga makofi. Mpiga picha wa wizara akapiga picha moja, kwa sababu alikuwa na kibali cha picha moja.

"Kuanzia dakika hii," alitangaza Dokta Pachoto, "daraja hili ni Urithi wa Taifa. Urithi hauguswi, hausogezwi, wala hautumiwi. Utatunzwa kama ulivyo kwenye picha."

Shomvi aliinua mkono kutoka katikati ya mto. "Hewala, mheshimiwa. Basi tulifunge kwanza, kisha mlitunze. Kuna watu wanangoja."

"Kulifunga ni kulibadilisha."

"Lakini likiwa hivi, mheshimiwa, halimvushi mtu."

"Linaelekea wapi hivi sasa?"

"Linafuata mto."

"Na mto unakwenda wapi?"

"Mbele huko, mheshimiwa."

"Umesema mwenyewe, mbele!" Dokta Pachoto aliwageukia waandishi wa habari. "Ndugu zangu, tazameni tofauti ya mtaalamu na mtu wa kawaida. Kwa karne nzima daraja hili limekuwa likielekea kando. Leo, chini ya uongozi wa Mtukufu Dira, linaelekea mbele. Na bado wapo wanaotaka kulirudisha kando!"

Waliomzunguka walipiga makofi. Shomvi alitazama nyuma yake kuona ni nani hao wanaosemwa, akakuta ni yeye.

"Na ile girisi, mheshimiwa?" aliuliza Machano.

"Kitu kisichozunguka hakihitaji girisi. Ombi lenu limeshughulikiwa kikamilifu."

Karani wa wizara alipelekwa kwa mtumbwi akafunga utepe wa rangi za taifa kwenye mtaimbo. Kuhusu wananchi, serikali haikuwasahau. Iliwaletea Fomu ya Kuvuka, nakala tatu, ambayo mtu wa Huku aliipata ofisi ya Huku na kutakiwa kuirudisha, kwa mkono wake mwenyewe, ofisi ya Ng'ambo.

*

Jioni ile jua lilipoanza kugusa matete, Shomvi alimtazama mwenziwe. Walikuwa wamekaa ndani ya mtumbwi chini ya daraja, hawana la kufanya kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya kazi.

"Mwenzangu, daraja halilali wazi," alisema Shomvi.

"Na utepe?"

"Umefungwa kwa vidole. Utafunguliwa kwa vidole, na alfajiri utarudishwa kwa vidole."

Machano alikuna kidevu, akacheka, akapanda. Basi wakalifunga. Serikali ya nchi ile iliondoka kazini saa tisa alasiri na kurudi saa tatu asubuhi, na katikati ya saa hizo nchi ilikuwa mikononi mwa wenyewe. Watu walivuka wamebeba viatu mikononi ili mbao zisipige kelele. Alfajiri Shomvi na Machano walilifungua tena, wakarudisha utepe na kifundo chake kile kile, na Dokta Pachoto aliyebaki pale kusimamia maandalizi ya sherehe akaja kulikagua, akaandika: "Halijasogea."

Mambo yakaenda hivyo kwa wiki kadhaa. Kwa kuwa girisi haikuja, Shomvi alichukua samli jikoni kwa mkewe akapaka kwenye mhimili, kijiko kimoja na nusu kila siku ya tatu.

"Samli yangu ya maandazi!" Bi Nunu alilalamika. "Sasa nimeolewa na mwanamume au na chuma?"

"Chuma hakilalamiki," Shomvi alimjibu, naye akampiga na kipande cha kanga, na samli ikaendelea kutoka. Siri hiyo waliijua watatu tu.

Kisha ikaja ile jioni ya Mwajabu. Mwajabu alikuwa binti pekee wa Machano, na mimba yake ya kwanza ilikuwa nzito. Uchungu ulimshika Huku, jua halijazama, na karani mmoja wa wizara, aliyechelewa kuondoka siku hiyo, bado anafunga kabati lake. Machano alikuja mbio hana kofia, hana kiatu kimoja.

"Mwenzangu, Mwajabu ananifia."

Shomvi hakungoja karani aondoke. Walilifunga daraja mchana peupe, na Bi Nunu akavuka na kifuko chake cheusi akikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na tano. Mtoto alikuja ametanguliza miguu. Bi Nunu alimtoa akiwa hai, na mama yake akiwa hai, na familia ikakubaliana kwamba mtoto aitwe Nunu. Machano alilia mlangoni bila haya. Alimshika Shomvi mikono yote miwili.

"Hili sitalisahau, mwenzangu. Hata niwe nani, sitalisahau."

Na ni kweli, hakulisahau.

*

Katika wiki hizo hizo wizara ilijenga ofisi nzuri Huku, karibu na daraja, ikafunika kibao chake kwa shuka. Kila mtu alijiuliza ni ofisi ya nani. Machano ndiye aliyeuliza zaidi ya wote, tena kwa utani mwingi. "Labda ni ya yule mkuu wa wilaya aliyeko chini ya matope," alisema, na Shomvi akacheka mpaka mtaimbo ukamponyoka.

Asubuhi ya sherehe shuka iliondolewa. Kibao kilisomeka: MKURUGENZI WA KUTOZUNGUSHA DARAJA. Shomvi aliitwa ndani. Nyuma ya meza alikuwa Machano, amevaa suti iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani, amekaa kwenye kiti kinachozunguka. Kilizunguka vizuri, bila mlio, kwa kuwa kilikuwa na girisi.

"Karibu, Bwana Shomvi," alisema.

Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumwita Bwana. Shomvi aliliona neno hilo likiingia kifuani mwake na kukaa. Kando ya meza alisimama Dokta Pachoto na ripoti mkononi, akaisoma kwa sauti ya mtu anayeonja chakula chake mwenyewe. Ilieleza siku zote daraja lilipofungwa na dakika zake. Ilieleza jinsi kifundo cha utepe kilivyofunguliwa na kwa kidole gani. Ilieleza samli, kijiko kimoja na nusu, kila siku ya tatu.

"Kosa la thelathini na tano," alisoma Dokta Pachoto. "Saa kumi na mbili kasorobo jioni, mchana peupe, kwa dharau kubwa kwa dola, mtuhumiwa alimvusha mwanamke mmoja mwenye kifuko cheusi."

Shomvi alimtazama Machano. Alitaka kuona uso ukibadilika, hata kidogo. Machano alikizungusha kiti robo mzunguko akatazama dirisha.

"Mwanamke mmoja," Shomvi alisema. "Jina lake hulijui?"

"Ripoti haitaji majina," alijibu Machano. "Ili isimuumize mtu."

Dokta Pachoto alitoka kwenda kupima urefu wa zulia, na walipobaki wawili Machano aliinama juu ya meza, sauti ikawa ile ya mtumbwini. "Nisikilize, mwenzangu. Wangemleta mtu mwingine. Si afadhali mimi? Mimi nikiwa ndani nitakusaidia. Wewe tayari nimekuokoa, walitaka kukufunga. Nimesema usifungwe, uandikishwe."

"Niandikishwe nini?"

"Urithi. Daraja ni kifaa namba moja, mtaimbo namba mbili, utepe namba tatu, na wewe namba nne. Kifaa cha serikali hakifungwi jela."

"Machano. Leo jua litazama daraja liko wazi."

"Halitazama. Leo Mtukufu mwenyewe atakuwepo. Mwambie mbele ya watu kwamba daraja linazunguka, naye ataniuliza mimi, mimi ndiye mkurugenzi. Nitasema ndiyo, linazunguka. Utanitazama machoni nikisema. Naapa kwa yule mtoto."

Shomvi alimwamini. Msimcheke. Mtu uliyesukuma naye kwa miaka ishirini na miwili, mikono yenu ikiwa juu ya chuma kimoja, humwamini hata mkono wake ukiwa mfukoni mwako.

Bi Nunu hakumwamini. Ng'ambo, wakati mumewe anavaa, alimfunga kifungo cha shati akasema, "Baba Siwema, mtu aliyekuuza kwa kiti ataona haya kukuuza tena kwa meza?"

"Ameapa kwa mtoto."

"Yule mtoto nimemtoa mimi. Yeye alikuwa mlangoni."

*

Alasiri Mtukufu Dira ya Taifa alishuka mto kwa tishari lililopakwa dhahabu. Kingo zote mbili zilijaa watu, na wengi wao walikuwa wamefungiwa upande usio wao kwa kukosa fomu. Juu ya daraja palitundikwa kibao: DARAJA LINALOUNGANISHA TAIFA. Mitumbwi yote ilikuwa imechukuliwa kwa sababu za usalama. Shomvi alikuwa peke yake juu ya daraja katikati ya mto, amevikwa kibati chenye namba nne kifuani, mtaimbo miguuni pake. Mtumbwi uliompeleka ulikwisha ondoka.

Jukwaa lilikuwa Huku. Dokta Pachoto alihutubia kwa saa moja na nusu. Alisema daraja hilo ni mfano wa nchi yenyewe, imara, lisiloyumbishwa na walioko kulia wala walioko kushoto. Alisema mataifa mengine yana madaraja yanayokanyagwa na kila mtu, lakini hilo limefikia daraja ya kutokanyagwa. Mtukufu alisinzia kwa heshima mpaka hotuba ilipokwisha, kisha akafungua macho akaelekeza fimbo yake mtoni.

"Na kile ni nini?"

"Kifaa namba nne, Mtukufu. Mzungushaji."

"Kinasema?"

"Kikiruhusiwa."

"Na kiseme."

Shomvi alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini jua lilikuwa limekwisha kushuka karibu na matete, na aliona hakuna muda wa maneno mengi. "Mtukufu, daraja hili ni zima. Linazunguka. Likifungwa sasa hivi watu hawa wote watalala majumbani kwao. Nahitaji mtu mmoja tu wa kushika upande wa pili. Shahidi wangu ni huyo mkurugenzi wako, muulize yeye."

 Mtukufu alimgeukia Machano. "Ati linazunguka?"

Machano alisimama mbele ya maikrofoni. Nyuma yake kiti chake kilikuwa kimeletwa jukwaani, chenye ngozi nyeusi, na karani mmoja alikuwa ameshika mgongo wake, tayari kukisogeza huku au kule. Shomvi alimtazama machoni kama walivyopatana. Machano naye alimtazama. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika Ng'ambo na kurudi:

"Mtukufu, tangu nipate akili zangu, sijapata kuliona likizunguka."

Watu walioliona likizunguka kila siku ya maisha yao walipiga makofi, kwa kuwa polisi waliokuwa mbele yao waliwatazama mikono. Shomvi hakusikia makofi. Alisikia aibu, tena aibu isiyokuwa yake, kana kwamba yeye ndiye aliyesema uongo. Alitaka kukasirika akashindwa. Kilichomjia ni kumbukumbu ndogo isiyo na maana, Machano akimpa nusu ya muhogo wa kuchoma siku ya mvua, ile nusu kubwa.  Miaka ishirini na miwili, na hakujua ni lini katika hiyo mwenziwe aliacha kuwa mwenziwe.

Jua lilikuwa limegusa matete. Shomvi aliinama akaokota mtaimbo, akautumbukiza tunduni. Utepe ulikatika wenyewe. Akaushika mkono wake, akaweka miguu kama alivyofundishwa, na kwa kuwa hasukumi mtu kabla hajaita, akaita:

"Upo?"

Mdomo wa Machano ulifunguka. Namwapia msomaji kwamba hakuutuma. Ulifunguka kama goti linavyoruka likigongwa, na kwenye maikrofoni ya serikali, mbele ya Mtukufu Dira na mabalozi watatu, likatoka neno moja kubwa:

"Nipo!"

 Shomvi alingoja. Kwa mwito na jibu hilo, kilichofuata siku zote ni uzito wa mtu wa pili kwenye mtaimbo, na mikono yake ilikwisha jiandaa kuupokea. Aliinua macho kuelekea jukwaani. Mdomo wa Machano ulikuwa bado wazi, lakini miguu yake ilikuwa pale pale kwenye zulia. Kisha karani akakisogeza kiti, na Machano akakaa.

Mtukufu Dira alikuwa amesimama, macho yanamng'aa. "Mmesikia?" alisema. "Mmesikia uzalendo? Miaka arobaini nawatafutia wananchi kaulimbiu, na leo kifaa kimenipa! Tujaribu. Upo?"

"Nipo!" wakajibu mawaziri.

"Upo?"

"Nipo!" ikajibu Huku yote, na Ng'ambo yote ikaitikia, maelfu ya watu, wanafunzi, askari, wauza maandazi, wale wenye fomu na wale wasio na fomu, wakiinua mikono juu. Bendi ikadaka. Hakuna mto mdogo uliopata kusikia sauti kubwa kama ile. Katikati yake Shomvi alikuwa akisukuma mtaimbo peke yake. Mishipa ya shingo ilimsimama, miguu iliteleza kwenye mbao zile mbili mbovu walizoziombea mbadala kwa miaka sita, na daraja likanguruma, likakaa.

"Upo?" alipaza Mtukufu.

"Nipo!" walijibu wote, na hapana hata mmoja aliyeondoka mahali alipo.

Hapana, nasema uongo. Mmoja aliondoka. Ng'ambo, Bi Nunu alivua viatu akaingia mtoni na kifuko chake kichwani. Matope yalimfika magotini, kisha mapajani. Polisi wawili walimvuta nje wakamwambia apige makofi kama wenzake.

*

Sherehe ilikwisha vizuri. Magazeti yaliandika kwamba Mtukufu Dira ameunganisha kingo mbili kwa neno moja, bila kutumia daraja. Shuleni wanafunzi huitikia "Nipo!" kila asubuhi, hata wa wale walimu ambao hawapo. Dokta Pachoto alipewa wizara. Machano Dihenga alipewa nishani na meza kubwa zaidi, na nasikia ofisini kwake watu hawaruhusiwi kuuliza kama yupo. Huuliza, "Mkurugenzi anapatikana?" na mhudumu hujibu kwa kutikisa kichwa.

Lakini jioni ile yenyewe, bendi ilipoondoka na vumbi la magari kutulia, hakuna aliyekumbuka kurudisha mtumbwi. Kifaa namba nne kilibaki mahali pake kama kilivyo kwenye daftari. Watu wa Ng'ambo waliokwama Huku walikaa ukingoni wakitazama taa za nyumba zao zikiwashwa na watoto. Jua likazama. Daraja likalala wazi, kwa mara ya kwanza tangu Shomvi aanze kazi, na huenda kwa mara ya kwanza tangu siku za Ndaro.

Alikaa chini akaegemea mtaimbo. Mikono ilikuwa ikimtoka damu, wala hakuifuta. Hakulia pia. Baadaye, bila kukusudia, kama mtu aliyekwisha lala, akauliza kwa sauti ndogo:

"Upo?"

Mto ni mwembamba. Bi Nunu alikuwa amekaa ukingoni, matope yamemkaukia miguuni, kifuko cheusi mapajani, na alimjibu kama alivyomjibu miaka yote ili alale.

"Nipo, baba Siwema. Nipo."

Alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, na hakukuwa na njia ya kufika.